Anza na Mkono Uliolala

Baada ya kiharusi nilikaa muda mrefu bila kujivisha nguo. Si kwamba nilishindwa kabisa. Upande wa kushoto ndio uliolala. Wa kulia ulikuwa mzima, na akili yangu timamu. Lakini nyumba ya wazee niliyopelekwa nilipotoka hospitali ilikuwa kubwa, wahudumu wachache, na watu wa kuvishwa kabla ya chai ya asubuhi ni wengi. Walikuwa wakiingia wawili, wananinyanyua, wananivisha, wananiketisha kwenye kiti cha magurudumu, haoo chumba cha pili. Hawakunitukana wala hawakunifinya. Walikuwa watu wema waliobanwa na saa. Nalisema hili kwa sababu mtu akisikia habari za huduma mbaya huwaza kipigo na njaa, na yangu haikuwa hivyo. Mimi nilifanyiwa kila kitu mpaka nikawa sifanyi chochote.

Nimezaliwa Mombasa, Mji wa Kale. Nilimfuata mume wangu Uingereza nikiwa kijana, nikashona katika viwanda vya nguo vya Leicester, mji uliopokea watu wengi wa Afrika Mashariki, hasa Wahindi waliofukuzwa Uganda mwaka 1972. Mume wangu ametangulia mbele ya haki. Kwa cherehani nimelea watoto na kujenga nyumba kwetu. Sasa nilikuwa nafungwa vifungo, nalishwa kwa kijiko, naulizwa mambo yangu kupitia kwa binti yangu nami nimekaa hapo hapo. Mtaalamu wa viungo aliyekuwa akinitembelea alisikitika. Alinieleza kwamba mkono usiotumika, ubongo hujizoeza kuishi bila huo. Mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Taub, alijenga tiba nzima juu ya jambo hilo: mgonjwa hufungwa ule mkono mzima kwa muda ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Nami wangu ulikuwa umekunjika kifuani, hauulizwi kitu.

Binti yangu ndiye aliyesema basi, akanitafutia nyumba nyingine. Hii ni nyumba ya kawaida iliyo mtaani, wakazi wanane, jiko moja, meza moja ya kulia. Asubuhi ya kwanza aliingia msichana wa Tanga. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu." Akaweka magauni mawili kitandani, akaniuliza leo tunavaa lipi. Nikamwonyesha, nikangoja avivishe viungo vyangu kama nilivyozoea. Yeye akavuta kiti akakaa. "Anza na mkono uliolala, bibi."

Basi nikajifunza upya. Unauchukua mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, unauingiza kwenye mkono wa gauni, unavuta kitambaa mpaka begani kabisa, maana ukikiacha kwenye kiwiko kitakukwama. Halafu kichwa. Halafu mkono mzima. Wakati wa kuvua ni kinyume chake, mzima kwanza, uliolala mwisho. Siku ile nilitoka jasho, na wenzangu walikuwa wamemaliza kula nilipofika mezani. Yule msichana hakunigusa ila mara moja, gauni liliponasa mgongoni. Nilipoketi kula nilikuwa nimevaa mwenyewe, na kusema kweli nililia.

Baadaye likaja jiko. Kuna ubao wa kukatia wenye misumari imesimama katikati: unakichomeka kitunguu pale, hakikimbii, unakimenya na kukikata kwa mkono mmoja. Birika limewekwa kwenye fremu inayoinama, humimini kwa kulinyanyua bali kwa kuliinamisha. Leo maharagwe ya nazi ya Ijumaa napika mimi, na mzee mmoja wa Kiingereza ambaye zamani hakula chochote chenye pilipili sasa huulizia kama Ijumaa imefika.

Wapo watakaosema huku ni kumtesa mgonjwa. Dada yangu kule Mombasa alisema hivyo kwenye simu, tena kwa uchungu: kwanza wamekutupa, sasa wanakupikisha. Namwelewa. Kwetu heshima ya mzee ni kuletewa maji ya kunawa pale alipokaa, nami nilimfanyia mama yangu vivyo hivyo. Lakini mama yangu aliletewa maji huku nyumba nzima ikimngoja aamue: nani aoe wapi, shamba lilimwe nini, mgeni alale chumba gani. Mimi nililetewa maji na hakuna aliyeningoja kwa lolote. Nilimwambia hivyo, akanyamaza, kisha akaniuliza napata wapi nazi.

Mjukuu wangu anasomea uuguzi. Alinisimulia utafiti wa mwaka 1976 wa Ellen Langer na Judith Rodin katika nyumba moja ya wazee huko Connecticut, Marekani. Wazee wa ghorofa moja waliambiwa maisha yao yamo mikononi mwao, wakachagua mmea wa kuutunza wenyewe. Wa ghorofa nyingine walipewa mmea pia, ila wakaambiwa wauguzi watautunza. Baada ya wiki chache wale wa kwanza walikuwa wachangamfu zaidi na wakijishughulisha zaidi. Huduma zilikuwa zile zile, nyumba ile ile.

Kujiamulia kuna hatari yake, sifichi. Nilipotaka kwenda duka la mtaani peke yangu kwa mkongojo, binti yangu alikataa katakata. Meneja alituweka meza moja akatusomea sheria ya mwaka 2005 ya uwezo wa kuamua: mtu huhesabiwa anaweza kuamua mpaka ithibitishwe kwamba hawezi, na kuamua jambo ambalo wengine hawaoni busara yake si ushahidi kwamba hana uwezo. Tukakubaliana njia, saa, na simu shingoni. Nilienda. Siku moja nilianguka nikachubuka goti. Mkongojo hawakuniondolea. Walikaa nami tukaangalia ni ukingo gani wa barabara ulionikwaza, tukachagua kuvukia mbele zaidi.

Sisemi kila nyumba ndogo ni njema. Tume ya CQC, inayokagua nyumba hizi tangu mwaka 2009, huzipanga katika madaraja manne, na ile kubwa ilikuwa daraja moja na hii. Karatasi haikumwambia binti yangu alichokiona mwenyewe alipokuja bila taarifa: asubuhi, mhudumu ameketi, mzee anafunga viatu, hakuna anayemharakisha. Muda ndio huduma yenyewe, na muda ni idadi ya watu walioko zamu.

Ndiyo maana usiku wa hapa haunipendezi. Mhudumu ni mmoja kwa watu wanane. Mmoja wetu akiugua, wengine wote tunaambiwa tubaki kitandani, tuvumilie, na wanaojiweza chooni kwa kushikiwa kidogo tu huishia kuvaa nepi. Yaani uhuru tuliorudishiwa mchana tunanyang'anywa saa nne usiku. Mwenye nyumba anasema watu hawapatikani, na kweli tangu Julai 2025 Uingereza imefunga mlango wa kuajiri wahudumu wapya kutoka nje. Mwenzangu mmoja aliniambia tusidai, kwa kuwa halmashauri ndiyo inayotulipia. Ni kweli kwangu. Akiba yangu haifiki pauni 23,250, kiwango ambacho ukikizidi unajilipia kila kitu. Lakini haja ndogo ya usiku haiulizi nani amelipa. Nimeandika barua ya kutaka mhudumu wa pili wa usiku, na kabla ya kuipeleka nimepita chumba hadi chumba kuomba saini. Wametia watano. Wawili wanafikiri. Mzee wa pilipili ameomba kwanza isomwe tena aya ya choo, anasema nimeiandika kwa upole mno.