Mume Wangu Alisikiliza Ukuta, Mimi Nikatoboa

Naandika haya kwa ajili ya wanawake wanaouguza waume zao majumbani, na kwa ajili ya mafundi wa jipsamu wa Tabora. Makundi haya mawili hayana kawaida ya kukaa baraza moja, lakini kwangu yalikutana kwenye ukuta mmoja, sebuleni, mtaa wa Ng'ambo, na Mwenyezi Mungu ndiye shahidi wangu.

Mume wangu ni fundi. Alianza na umeme wa majumbani, akaingia kwenye jipsamu watu wa mjini walipoanza kuipenda, dari kwanza, kuta baadaye. Mwaka 2023 kiharusi kilimkuta kazini. Pale Kitete walimpigania, akarudi nyumbani akiwa hai, lakini mkono na mguu wa kulia vilikuwa havifanyi kazi na ulimi ulikuwa mzito. Maneno yalitoka moja moja, mengine yakakwama njiani. Akili yake ilikuwa nzima, na masikio yake yalikuwa mazima. Hilo ndilo watu hawakulielewa. Walikuja kumjulia hali wakaniuliza mimi, mbele yake, kama amekula, kama analala, kama anajitambua. Nilikuwa nawaambia, "Muulizeni mwenyewe, anawasikia." Wachache waliuliza.

Dawa za presha hazisubiri mtu apate kazi. Nilikuwa na vitumbua vyangu vya asubuhi na deni la kikoba, na hivyo viwili havikulingana. Wifi yangu akashauri tuuze vifaa vya kazi. Alisema kwa nia njema, maana hata yeye alikuwa anachangia. Mnunuzi akaja, akaomba aone drili. Nikaivuta kutoka chini ya kitanda, nikafungua sanduku lake. Mume wangu alipoona drili yake mikononi mwa mtu mwingine akageuza uso upande unaogeuka, machozi yakashuka mpaka kwenye mto. Nilimwomba yule bwana msamaha, nikamrudishia nauli yake ya bodaboda. Deni likabaki palepale.

Shemeji yangu wa Dar es Salaam ndiye aliyetuma runinga, bapa, inchi 43, ili mgonjwa apate cha kumshughulisha. Ile ya chogo tuliyokuwa nayo ilikuwa imekufa siku nyingi. Sasa kitanda cha mgonjwa kilikuwa kimehamia sebuleni na kabati limetoka, na yeye alikuwa analala chali, shingo haigeuki vizuri. Runinga ilipaswa kukaa juu ukutani na kuinamia kidogo upande wake. Tukamwita kijana mmoja, akaifunga asubuhi moja, akalipwa, akaenda. Haikumaliza mwezi.

Nilikuwa nakunja nguo nikasikia mlio kama wa kitambaa kinachopasuka. Kugeuka, runinga imeinama, skrubu za juu zimechomoka, zile za chini bado zimeshika, na vumbi jeupe linamdondokea mume wangu kifuani. Niliidaka kwa mikono miwili na kifua. Mtoto akakimbia kuita majirani. Walipoishusha tukaona ubao wa jipsamu umemeguka nusu duara, na zile fisha fupi za plastiki zikiwa bado zimevaa skrubu zake, safi kabisa, hazikuwa zimeshika kitu chochote.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu jambo hili linavunja mali za watu kila siku. Jipsamu ni unga wa jasi uliobanwa kati ya karatasi mbili. Jasi yenyewe wanaichimba Itigi, jirani zetu kwenye reli hii hii ya Kati. Ni kitu kizuri cha kufunika ukuta: kinanyooka, kinapokea rangi, kinaficha nyufa na chumvi inayopanda kutoka chini. Lakini unene wake ni milimita 12 hivi, na nyuma yake kuna uwazi, maana ubao umepigiliwa kwenye mbao za mbili kwa mbili zilizotangulia ukutani. Mjerumani Artur Fischer alipobuni fisha ya nailoni mwaka 1958, alibuni kitu kinachojipanua ndani ya tundu na kujibana. Kinahitaji kitu kigumu cha kujibania. Ndani ya jipsamu kinaupanua unga, unga unameguka. Na runinga haivuti kwenda chini tu. Sehemu ya juu ya breketi inavuta kuja mbele, hasa ikiwa umeiinamisha, na zaidi sana ikiwa ni breketi ya mkono unaochomoza. Skrubu za juu ndizo zinazopata shida hiyo yote.

Kwa hiyo mzigo lazima ufike kwenye ukuta wenyewe. Swali ni ukuta gani. Mji wetu una kuta za zama zote. Kuna udongo wa zama za misafara, kuna mawe ya Wajerumani walioifikisha reli hapa mwaka 1912, kuna tofali za kuchoma, kuna bloku za saruji za leo. Jipsamu inazifunika zote zikafanana. Nyumba yetu aliijenga baba mkwe kwa tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo, akapiga lipu ya saruji juu. Tofali ni ngumu kiasi chake, lakini ukitoboa kwenye kiungo umetoboa tope kavu.

Mume wangu alisema neno moja siku ile runinga ilipoinama: "Drili." Nikadhani anataka kuiona tu. Akaninyooshea mkono wa kushoto, akauelekeza ukutani, akasema, "Wewe."

Sikuwa nimewahi kushika drili. Tulianza bila umeme. Alitaka nigonge ukuta kwa kifundo cha kidole, taratibu, kutoka dirishani kuelekea mlangoni. Yeye amefumba macho. Palipokuwa na uwazi sauti ilikuwa pana. Palipokuwa na mbao nyuma sauti ilikauka. Masikio yangu hayakuona tofauti mwanzoni, yake yaliona. "Hapo." Naweka alama ya penseli. "Hapana." Nasogea. Mwisho wa zoezi tulikuwa na ramani ya mbao zote nyuma ya ubao, na ikathibitika kwamba pale tunapotaka runinga hapana hata moja. Kisha akanionyesha njia za nyaya: zinapanda na kushuka wima kutoka kwenye swichi na soketi, hivyo usitoboe juu wala chini ya soketi hata kama unaharakishwa.

Kina cha uwazi tulikipima kwa spoku ya baiskeli. Unatoboa tundu dogo, unaingiza spoku mpaka igote, unabana kwa kucha mahali ilipoishia, unaitoa na kupima. Baada ya hapo nikawasha drili, nikiwa nimezima kile kitufe cha kugongesha, maana tofali zetu zikigongwa hupasuka. Na hapo nikajifunza kitu ambacho mpaka leo ndicho ninachokiamini kuliko vyote: kusoma vumbi. Kwanza linatoka jeupe, hiyo ni jipsamu. Drili inazama ghafla, huo ni uwazi. Linafuata la kijivu, lipu. Kisha likitoka jekundu, laini, kavu, uko ndani ya tofali, endelea. Likitoka la kahawia, lenye vidongevidonge, uko kwenye kiungo, simama, hama. Nilikuwa nampelekea mume wangu vumbi kwenye kiganja, analisugua kwa kidole gumba cha kushoto, ananiambia.

Hata hivyo hakuridhika. Tofali lililoshikwa na udongo linaweza kutikisika likivutwa kila siku. Akanituma kwa mzee mmoja seremala, mtaa wa Kanyenye, aliyefanya naye kazi zamani. Nilimkuta anaranda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mayu. Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

Nikamweleza shida. Akasikiliza, akaniuliza kama nimewahi kufika Kwihara kwenye tembe. Nimefika, tulipelekwa na shule. Wageni huenda pale kuona alikokaa Livingstone mwaka 1872, baada ya Stanley kumfikisha kutoka Ujiji. Mzee alikuwa anaongelea ukuta. "Ule ukuta ni udongo mtupu," akasema, "na mlango wake ni gogo zima la nakshi. Unadhani udongo umeshika mlango kwa misumari? Mlango umesimama wenyewe chini. Ukuta unauzuia usianguke tu."

Alinikatia nguzo mbili za mninga, unene wake sawasawa na ule uwazi wetu, na kipande cha kulaza katikati. Tulikata ubao wa jipsamu kwa msumeno mdogo kutoka sakafuni mpaka urefu wa kifua na zaidi, nguzo zikaingia, zikasimama sakafuni. Nikazifunga ukutani kwa skrubu ndefu na fisha ndefu, sehemu nyingi, kila moja ndani ya vumbi jekundu. Pima maji ikawekwa kwenye kila nguzo, na mume wangu akataka aletewe aone mwenyewe kama lile tone la hewa limekaa katikati. Ubao ukarudishwa, tepu, pati, msasa, rangi. Breketi ikafungwa kupitia jipsamu hadi ndani ya mninga. Uzito sasa unashuka sakafuni kupitia nguzo, na kazi ya ukuta ni kuzuia nguzo zisije mbele. Tofali la kuchoma na udongo wake vinaiweza kazi hiyo miaka mingi.

Kabla ya runinga tulining'iniza ndoo ya maji ya lita 20, ikalala hapo usiku kucha. Hizo ni kilo 20, na runinga ya inchi 43 ni nusu yake au chini ya hapo. Asubuhi pima maji haikuwa imesogea.

Tarehe 21 Januari 2024, kwenye AFCON, Simon Msuva alipoifunga Zambia mapema kabisa, mume wangu alisema "Goli!" lote, halikukatika. Watoto walinitazama mimi badala ya runinga. Alhamdulillah.

Kazi ilianza kuja yenyewe. Jirani aliona, akaja mwingine. Msimu wa 2023/24 timu ya mkoa wetu ilikuwa imeingia Ligi Kuu na watu walitaka runinga kwenye vibanda, kwenye gesti, kwenye saluni. Gesti moja ya karibu na stesheni ilikuwa na jipsamu juu ya ukuta wa bloku na saruji, na mwenyewe hakutaka tukate ubao. Pale tulitumia njia nyingine ya mume wangu: unakata vipande vya bomba la chuma, urefu wake sawa na kutoka uso wa lipu mpaka uso wa jipsamu, unavipitisha kwenye matundu ya ubao, bolti ndefu inapita ndani yake hadi kwenye bloku. Ukikaza, breketi inaegemea bomba na bomba linaegemea ukuta, jipsamu haibanwi wala haipasuki. Kwa ukuta wa saruji hiyo inatosha. Kwa ukuta wa udongo mimi nasimamisha nguzo, na mteja asipokubali naiacha kazi yake. Nimeacha kadhaa, hata siku ambazo unga ndani ulikuwa umeisha.

Maneno yalisemwa. Mwanamke juu ya ngazi, mume kitandani. Wifi yangu aliyashika yakamuumiza kuliko yalivyoniumiza mimi, kisha siku nilipomaliza deni la kikoba akaja kunishikia ngazi mwenyewe.

Sasa mume wangu anatembea kwa mkongojo. Kazi kubwa tunakwenda wote kwa bajaji, anawekewa kiti katikati ya chumba, anafumba macho, mimi nagonga. Wateja wapya huuliza fundi ni yupi kati yetu. Anawajibu mwenyewe, polepole, na wanasubiri amalize.

Ninyi mnaouguza, msiuze vifaa vya mgonjwa kabla hamjamuuliza. Anaweza kuwa bado anavitumia kwa mikono ya mtu mwingine.

Na ninyi mafundi wa jipsamu, nawaomba jambo moja dogo ambalo gharama yake ni kipande cha mbao. Kabla hamjafunga ubao wa mwisho, muulizeni mwenye nyumba runinga itakaa wapi, na muweke nguzo hapo, nyuma, siku hiyohiyo. Baada ya hapo mwandikieni vipimo vyake kwenye karatasi, kutoka kona mpaka nguzo, na mumwambie aitunze pamoja na hati za nyumba.