Programu Iliyo Hai Isiyosikiliza

Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, hapa Uganda, husoma Katiba ya mwaka 1995 kupitia seva ndogo ya shule, kwani intaneti ya kulipia hatuimudu. Muhula huu, walipokuwa wakijiandaa kwa mjadala juu ya Ibara ya 41, inayompa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa dola, seva ilianza kuwakataa. Kila baada ya siku mbili tatu, kompyuta ziliandika kwamba muunganisho umekataliwa.

Mwalimu wa kompyuta alikuwa na dawa moja: kuzima na kuwasha. Siipendi dawa hiyo, inafuta ushahidi. Nikamwomba, "Mwalimu, kabla hujaizima, tuitazame kwanza." Akanionyesha kuwa programu ingali hai, hivyo huenda kosa ni la waya.

Lakini kuwa hai si kusikiliza. Programu ya seva hufungua poti, yaani mlango wenye namba, wetu ukiwa 8080, ikangoja wageni. Mlango ukifungwa, programu yaweza kuendelea na shughuli zake za ndani, na nje pasiwe na wa kuitikia hodi. Tena neno "umekataliwa" lina maana yake: aghlabu mashine imefikiwa na imejibu, ila hapana msikilizaji. Waya ungekatika, tungengoja hadi muda uishe.

Amri ya ss -ltn, inayoorodhesha milango inayosikilizwa, haikuonyesha 8080. Katika kumbukumbu za matukio, mstari wa mwisho ulilalamikia faili nyingi mno zilizo wazi. Katika Linux kila muunganisho huhesabiwa kama faili iliyo wazi, na kikomo cha kawaida kwa programu moja mara nyingi ni 1024. Yetu haikuifunga miunganisho ya wanafunzi waliokwisha kuondoka. Ilipofika kikomoni, ikashindwa kupokea mgeni mpya, ikafunga mlango. Kuongeza kikomo kungeahirisha tu maradhi. Mwenzangu aliirekebisha programu ikate muunganisho uliokaa kimya, kisha akaweka jaribio linalobisha hodi kwenye poti yenyewe kila dakika.

Mjadala ukafanyika. Binti mmoja akauliza: je, ofisi isipojibu kabisa? Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2005 inaipa ofisi siku 21. Ukimya ukipita hapo, huhesabiwa kuwa ombi limekataliwa.