Somo Nililolipata Uvunguni mwa Land Rover

Wasomaji wa jarida letu wamezoea kukuta humu habari za ngeli, methali na tungo za washairi. Nawaomba radhi safari hii nikiwapeleka uvunguni mwa gari kuukuu, mahali ambapo mimi mwenyewe, mwalimu wa lugha mwenye stashahada yake ukutani, sikutazamia kufundishwa lugha.

Gari lenyewe ni Land Rover ya Series III, namna iliyokuwa ikitengenezwa Uingereza baina ya mwaka 1971 na 1985. Marehemu baba aliinunua mwaka 1988, ikiwa imekwisha kutumikia mabwana wengine, na alipofariki ikawa urithi wangu pamoja na kasoro zake zote. Twaishi Katunguru, hapo Mfereji wa Kazinga uliunganishapo Ziwa George na Ziwa Edward, na daraja livushapo barabara itokayo Mbarara kwenda Kasese. Mke wangu hununua samaki mwaloni, akawapeleka Bwera, na wengine hufika sokoni Mpondwe, mpakani mwa Kongo. Mshahara wa mwalimu wajulikana. Karo ya binti yetu hutoka kwa samaki, na samaki husafiri kwa Land Rover. Basi ekseli ya nyuma ilipoanza kulia, nyumbani kwetu hapana aliyeuchukulia kuwa ni mlio wa chuma tu.

Kilichokuwa kikilia ni difu. Kwa msomaji asiyepata kuitazama, nitaeleza kwa ufupi. Gari likatapo kona, gurudumu la nje huenda mwendo mrefu kuliko la ndani; lau magurudumu mawili ya nyuma yangekazwa kwenye chuma kimoja, moja lingekuwa likiburutwa. Mfaransa mmoja fundi wa saa, Onésiphore Pecqueur, aliivumbulia shida hiyo dawa mwaka 1827: vigurudumu vidogo vya meno vikae katikati, vimruhusu kila mwenzi kuzunguka kwa kadiri yake huku wote wawili wakiendelea kusukumwa. Nguvu itokayo kwenye gia huingia humo kwa njia ya pinioni, nayo pinioni huzungusha gurudumu kubwa la meno. Katika Land Rover yetu pinioni ina meno 10 na lile kubwa lina meno 47. Kwa hiyo propela huzunguka mara 4.7 ndipo gurudumu la barabarani lizunguke mara moja.

Hata majina ya vyombo hivi yana hadithi yake. Waingereza huliita lile gurudumu kubwa taji, na Wafaransa vile vile huliita taji. Mtu akilishika mkononi huona mara moja kwa nini. Mafundi wa kwetu husema difu. Ng'ambo ya mpaka, ambako ufundi wa magari ulifundishwa kwa Kifaransa, ekseli yote ya nyuma huitwa pont, neno ambalo kwa Kifaransa lina maana ya daraja pia. Mimi kwa upande wangu nilikuwa nimejitungia neno “kitofautishi”, nikajivunia kwa muda wa siku mbili. Nilipomtajia fundi wangu, aliuliza kama ni ugonjwa.

Fundi huyo ni mzee atokaye upande wa Kongo, anayevuka Mpondwe mara kwa mara na kulala kwa shemeji yake hapa kwetu. Kiswahili chake ni kile cha Kivu: vitu kwake ni bintu, watu ni batu, na kila kitu “iko”. Ni lazima niungame namna nilivyokisikiliza. Sisi tufundishao Kiswahili Uganda tumelelewa katika wasiwasi. Mwaka 1973 lugha hii ilitangazwa kuwa lugha ya taifa, na kwa watu wengi ikabaki ni sauti ya askari mwenye bunduki. Mwaka 2005 katiba ikaifanya lugha rasmi ya pili. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaazimia kwamba ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Katika misukosuko hiyo mwalimu hushikilia Kiswahili sanifu kama mwenye kushika ukingo wa mtumbwi. Wanafunzi wangu husikia “bintu” sokoni kila siku, nami kwa miaka mingi nimeikata kwa wino mwekundu bila kuuliza ilitoka wapi.

Tulifungua difu siku ya Jumamosi, chini ya mwembe. Tulimwaga oili, tukachomoa shafti za magurudumu, tukafungua propela, kisha tukaliteremsha lile bonge la chuma juu ya gunia. Beringi zilikuwa zimekwisha, lakini meno yalikuwa mazima. Mzee alinionyesha vifuniko viwili vishikavyo beringi, kimoja huku na kimoja huku, akaviweka mbalimbali kwa uangalifu, akasema:

“Mwalimu, bile bintu bibili usibichanganye. Ya kuume ikuwe kuume, ya kushoto ikuwe kushoto.”

Nami nikamjibu, “Vile vitu viwili, mzee.”

Alinitazama kidogo, akanyamaza. Kesho yake aliitwa kwao mazikoni. Mimi, kwa kuwa samaki hawangoji, nikaona nikamilishe kazi peke yangu, maana nilikuwa na kitabu cha gari na kiburi cha kutosha. Mke wangu alikuwa amefagia chini ya mwembe, na vile vifuniko akaviweka pamoja katika sufuria. Nilipovichukua sikukumbuka kwamba kulikuwa na neno lo lote lililosemwa juu yake. Nilikumbuka ngeli tu.

Vifuniko vile, ndugu msomaji, huchongwa pamoja na nyumba yake kiwandani, na parafujo za nati kubwa za kurekebishia hukatwa vikiwa vimefungwa mahali pake. Ukivibadilisha pande, njia za nati haziungani sawasawa. Nati iligoma kidogo, nikailazimisha. Laiti ningalikuwa mwanafunzi wangu mwenyewe, ningalijipa sifuri.

Siku ya tatu tulikuwa njiani kwenda Bwera, tumekwisha kupita njia ya Katwe, jua likielekea kuzama ndani ya hifadhi, mke wangu yuko kando yangu na samaki wako nyuma. Ulisikika mkwaruzo, kisha mshindo, kisha gari likasimama. Tembo walikuwa ng'ambo ya barabara, si mbali. Jambo moja jema la Land Rover za aina hii ni kwamba uzito wa gari haukai juu ya shafti za magurudumu. Hufunguliwa bolti sita kila upande, na shafti huchomoka bila jeki. Nilizichomoa zote mbili, nikafungua na propela ya nyuma, nikaziba matundu kwa vipande vya kitenge ambavyo mke wangu alivirarua bila kusema neno, nikaingiza gia ya magurudumu manne. Gari likavutwa na magurudumu ya mbele hadi nyumbani. Samaki walitupwa. Juu ya kunyamaza kwa mke wangu usiku ule sitaandika.

Jino moja la gurudumu kubwa lilikuwa limevunjika. Gurudumu hilo na pinioni yake husagwa pamoja kiwandani, hivyo huwezi kununua moja ukaacha jingine. Jozi nyingine, iliyotolewa katika gari bovu, ilipatikana kwa fedha zilizokuwa zimewekwa kwa karo ya muhula wa pili. Binti yetu alibaki nyumbani. Hakulalamika, na hilo lilinichoma zaidi.

Mzee aliporudi alivitazama vifuniko, akapitisha kidole kwenye parafujo zilizokwaruzika. Hakuniuliza kitu. Mimi ndimi niliyesema, “Mzee, uliniambia, nami sikusikia.” Akajibu kwamba niliisikia vizuri sana, kwani niliirudia.

Safari ya pili nilikaa chini na daftari. Kila alichosema nilikiandika kama alivyokisema, bila kunyosha cho chote. Alinionyesha jinsi ya kupaka meno rangi ili kuona yanapogusana. Rangi hiyo ilikuwa ni ya midomo ya mke wangu, iliyolainishwa kwa oili. Alama ikikaa kileleni mwa jino, pinioni iko mbali mno; ikishuka shinani, imesogea mno; nayo husogezwa kwa vibati vyembamba kama ngozi ya kitunguu. Tulikosa mara nne, na kila mara tulifungua upya. Kitabu kilitaka nafasi baina ya meno iwe kati ya milimita 0.20 na 0.25. Hatukuwa na kipimo cha namna hiyo. Mzee alilitikisa gurudumu kwa vidole viwili, ameinamisha kichwa, akaniambia nami nitikise, akauliza, “Unasikia?” Kwa Kiswahili chake kama kwa changu, neno hilo moja latosha kwa sikio na kwa akili. Nilitikisa mara nyingi kabla sijamjibu kwamba nimesikia.

Vifuniko nilivitia alama kwa tupa: mkato mmoja wa kuume, miwili wa kushoto.

Binti yetu alirudi shuleni wiki mbili baada ya wenzake. Nilimpeleka mwenyewe, redio imezimwa, nikitega sikio nyuma njia nzima. Hakusema nami mpaka tulipoukaribia mstari wa Ikweta, karibu na Kikorongo, alipouliza kama mzee atakuja tena Jumapili. Nikamwambia atakuja; kuna beringi za mbele.