Kiingilio Hakinunui Ujana

Tarehe 15 Oktoba 1971, katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, Rick Nelson alipanda jukwaani kwenye onyesho lililoandaliwa mahsusi kwa ajili ya nyota wa roki wa miaka ya 1950. Alikuwa mmoja wao. Alianza kutamba akiwa angali mwanafunzi, na sura yake ilijulikana katika nyumba nyingi za Marekani kupitia televisheni. Watu walikuja kumwona kijana yule. Aliyetokea ni mtu mwenye nywele ndefu na mavazi ya zama mpya, na pamoja na nyimbo zake za awali akapiga pia wimbo wa Rolling Stones. Ukumbi ukazomea. Wapo waliosema baadaye kwamba waliozomewa ni polisi waliokuwa wakiwatoa watu wenye fujo. Nelson mwenyewe aliamini kuwa alizomewa yeye. Akashuka jukwaani, na mwaka uliofuata akatoa wimbo kuhusu usiku ule, "Garden Party", ukawa miongoni mwa nyimbo zake zilizouzika sana.

Kinachonishughulisha katika kisa hiki ni umri wake. Nelson alikuwa na miaka 31. Sera ya vijana ya nchi yetu ingemhesabu bado kuwa kijana. Lakini wapenzi wake walikuwa wamekwishamfungia katika mwaka mmoja wa zamani, na alipotoka humo bila ruhusa yao wakamwona msaliti. Kumbe ukongwe wa mwanamuziki hauanzi mvi zinapoota. Huanza siku ile wasikilizaji wanapoamua kwamba mazuri yake yote yamekwisha kusemwa, na kwamba kazi iliyobaki ni kuyarudia.

Nataka kulitazama dai hilo la shabiki wa miaka mingi, kwa sababu ni dai tunalolitoa kwa sauti kubwa bila kujiuliza tunadai nini hasa. "Piga ule wa zamani!" Nani hajawahi kuusikia ukelele huo ukumbini?

Tuanze na upande wa shabiki, maana hoja anayo. Shabiki amelipa kiingilio, na viingilio vya maonyesho ya wakongwe wa roki Ulaya na Marekani si vya mchezo. Amenunua santuri, kisha kanda, kisha sidii, kisha akalipia huduma ya intaneti ili ausikilize wimbo uleule. Wimbo huo ulichezwa kwenye harusi yake, au ndio uliomliwaza alipofiwa. Aliyeutunga anaweza kuwa ameuchoka. Yeye shabiki hajauchoka, na kwa miaka mingi ndiye aliyeutunza kuliko hata mtunzi. Mtu wa namna hiyo akidai kuusikia wimbo wake, si haki kumcheka.

Rolling Stones wameikubali hoja hiyo bila kuona haya. Kundi lilianza London mwaka 1962. Mwaka 2024 lilizunguka Marekani Kaskazini kuinadi albamu ya Hackney Diamonds, ambayo ilikuwa ya kwanza yenye nyimbo mpya za kwao wenyewe tangu mwaka 2005. Mdhamini wa ziara hiyo alikuwa AARP, jumuiya kubwa ya Wamarekani waliofikia umri wa miaka 50 na kuendelea. Roki, muziki uliozaliwa kwa kuwaudhi wazee, sasa unadhaminiwa na jumuiya ya wazee. Mick Jagger alikuwa na miaka 80 na bado alikimbia jukwaa zima. Nyimbo mpya zilipigwa chache, na sehemu kubwa ya usiku ikaachiwa zile za miaka ya 1960 na 1970. Hayo ni makubaliano ya wazi baina ya muuzaji na mnunuzi, na sioni aliyedanganywa.

Bob Dylan aliyakataa makubaliano hayo mapema. Julai 1965, kwenye tamasha la Newport, alipanda jukwaani na gitaa la umeme mbele ya wapenzi wa muziki wa jadi, na sehemu ya umati ikazomea. Mei 1966, mjini Manchester, mtu mmoja katika hadhira alimwita Yuda, kwa sauti iliyonaswa katika rekodi na inayosikika hadi leo. Kuanzia Juni 1988 amekuwa akizunguka dunia karibu kila mwaka, na nyimbo zake hubadilika mwendo, ufunguo, na wakati mwingine maneno yenyewe.

Nilipata kumwona mwezi Oktoba 2015 katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London. Dylan alikuwa na miaka 74. Hakugusa gitaa. Mara alisimama mbele ya kipaza sauti, mara akaenda kwenye piano. Nyimbo nyingi za usiku ule hazikuwa zake kabisa. Zilikuwa nyimbo za mapenzi alizowahi kuziimba Frank Sinatra, kwa kuwa mwaka huo Dylan alikuwa ametoa albamu nzima ya nyimbo hizo. "Tangled Up in Blue" aliupiga, ila baadhi ya maneno alikuwa ameyaandika upya. "Blowin' in the Wind" aliutunza hadi mwisho, akauimba kwa mahadhi ambayo yalinilazimu kungoja maneno ndipo niutambue.

Kando yangu aliketi mzee wa Kiingereza aliyeniambia, wakati wa mapumziko, kwamba amekuwa akimfuata Dylan tangu ujanani. Alikuwa na hasira ya kiungwana, ile isiyopaza sauti. Alilalamika kwamba amelipa fedha nyingi kuja kusikiliza nyimbo za mtu mwingine. Nilimuuliza kwa nini basi anaendelea kuja. Akafikiri, akasema kwamba nyumbani santuri anazo zote, na santuri hazijawahi kumshangaza.

Jibu lile lilinifundisha zaidi ya onyesho lenyewe. Mzee yule alikuwa na madai mawili yanayopingana, na yote mawili yalitoka katika mapenzi ya kweli. Alitaka asikie kile alichokwisha kukijua, na alitaka akisikie kutoka kwa mtu aliye hai. Lakini mtu aliye hai hubadilika. Koo huchakaa, vidole hukakamaa, mawazo hugeuka. Ukitaka uhai, huna budi kuupokea pamoja na mabadiliko yake. Ukikataa mabadiliko, unachotaka kina jina lingine.

Nacho sasa kimepatikana sokoni. Kundi la Kiss lilianzishwa New York mwaka 1973. Liliwahi kufanya ziara ya kuaga mwaka 2000, likarejea, na mwaka 2019 likaanza ziara nyingine ya kuaga. Onyesho la mwisho lilifanyika Madison Square Garden, jengo lilelile la kisa cha Nelson, tarehe 2 Desemba 2023. Wanamuziki walipomaliza na kuondoka, kwenye skrini zikatokea taswira zao za kompyuta, na taswira hizo zikaendelea kupiga. Mashabiki wakaambiwa kwamba huo ndio mustakabali wa kundi. ABBA walikuwa wamekwishatangulia: tangu Mei 2022 taswira zao zinawaburudisha watu London, zikiwa na sura za miaka ya 1970, ilhali wenye sura hizo wamezeeka na wako makwao.

Sina ugomvi na teknolojia hiyo, na waliokwenda kuiona wanasema ni burudani nzuri. Naona tu kwamba ndiyo hitimisho la kimantiki la ukelele wa "piga ule wa zamani". Taswira haikohoi, haisahau ubeti, haileti wimbo mpya ambao hakuna aliyeuomba. Aliyemzomea Nelson mwaka 1971 sasa amepewa alichokitaka: kijana asiyekua.

Linganisha na Birmingham, tarehe 5 Julai 2025. Ozzy Osbourne, mwenye miaka 76 na ugonjwa wa Parkinson, aliingia katika uwanja wa Villa Park, ulio jirani na mtaa wa Aston alikokulia. Hakuweza kusimama. Aliimba akiwa ameketi katika kiti mfano wa kiti cha enzi. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka 20 wote wanne walioanzisha Black Sabbath walipiga pamoja. Sauti ilikwaruza mahali pengine, na umati ukaimba palipopungua. Siku 17 baadaye alifariki dunia. Walioujaza uwanja ule walikuwa mashabiki wa miaka mingi kuliko wengi, nao walizitaka nyimbo za zamani, wakapewa. Hata hivyo hawakumtaka awe kijana. Walikuja kumwona mtu waliyezeeka naye akizimaliza nyimbo zake mwenyewe. Hapo ndipo ninapouona mpaka: shabiki ana haki ya kudai uhai wa mwanamuziki na ukweli wake, ila ujana hana haki ya kuudai, kwa sababu hakuna awezaye kuulipa. Wahenga walisema ujana ni moshi, ukienda haurudi.

Lipo pia suala la kwa nini mzee yupo jukwaani. Leonard Cohen alirudi kuzunguka dunia mwaka 2008 akiwa na miaka 73, baada ya kugundua kwamba akiba yake ya uzeeni imechukuliwa na aliyekuwa meneja wake. Mahakama ilimpa ushindi, fedha hazikurudi. Akaimba hadi mwaka 2013, na mashabiki wakajaza kumbi. Cohen aliibiwa akiba aliyokuwa nayo. Kwetu wapo waliopanda jukwaani miaka hamsini bila kuwa na akiba ya kuibiwa.

Kiswahili kina neno kamili kwa muziki wa wakongwe: zilipendwa. Litazame kisarufi. Kitendo kimekwisha, na mtendaji hayumo. Zilipendwa na nani? Na hao waliozipenda wako wapi, wamewajibika vipi? Muhidin Maalim Gurumo aliimba tangu NUTA Jazz ilipoanzishwa mwaka 1964, akawa miongoni mwa nguzo za Mlimani Park mwaka 1978, akapitia Orchestra Safari Sound, na akarejea katika bendi aliyoanzia, ambayo sasa tunaiita Msondo Ngoma. Alistaafu mwaka 2013. Taifa zima lilikuwa likiimba nyimbo zake, naye alistaafu bila kuwa na gari. Aliyemzawadia gari alikuwa kijana wa Bongo Fleva, Diamond Platnumz. Gurumo alifariki Aprili 2014.

Sisi tuliokuwa tukimwomba arudie nyimbo zake tulikuwa wapi? Bendi nyingi za zama zake zilikuwa za mashirika na jumuiya za umma, vyombo vikiwa mali ya mwajiri na mwanamuziki akiishi kwa mshahara. Nyimbo zikarekodiwa redioni, zikachezwa miaka nenda miaka rudi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuja mwaka 1999, na kuwepo kwa sheria ni jambo moja, fedha kumfikia mtunzi ni jambo lingine. Sijapata kusikia wapenzi wa dansi wakidai mirabaha ya wazee hawa kwa nguvu ileile wanayodai nayo wimbo. Tunakijua vyema kiitikio, hatujui mwimbaji analipaje kodi ya nyumba. Shabiki wa miaka mingi anayetaka kuheshimiwa kwa uaminifu wake angeanzia hapo.

Msomaji wa ukurasa huu atauliza mambo haya yanahusianaje na siasa tunazozijadili kila wiki. Yanahusiana kwa tabia tunayoijenga. Umati unaoshangilia tu kile unachokijua humfundisha aliye jukwaani asiseme jipya. Nimehudhuria mikutano ya hadhara ambako mzungumzaji alitaja bei ya mbolea na watu wakapiga miayo, kisha akagusa historia ya ukombozi na uwanja ukalipuka. Mwanasiasa si mjinga. Kesho yake mbolea ataiacha. Vivyo hivyo mwanaharakati mkongwe: tunamtaka aseme tena maneno yaliyomtia rumande miaka thelathini iliyopita, na akisema kwamba amefikiri upya juu ya jambo fulani, tunamwita Yuda kabla hatujasikiliza amefikiri nini.

Sisemi kila badiliko ni zuri. Baadhi ya nyimbo mpya za wakongwe ni mbovu, na Dylan amewahi kupiga maonyesho ambayo hata wampendao sana hawayatetei. Msikilizaji anayo haki ya kusema hili halikunipendeza na kutaja sababu. Kupima wimbo na kukataa kuusikia ni mambo mawili tofauti.

Bendi zetu kongwe bado zinapiga Dar es Salaam mwishoni mwa wiki. Ukienda, lipa kiingilio chako kamili hata kama mlinzi wa mlangoni ni jamaa yako. Mzee akipanda na wimbo usioujua, mwache afike ubeti wa mwisho. Ule wako ataupiga tu, usiku bado ni mrefu.