Niliiboresha kompyuta ya baba bila kumuuliza anaitumiaje

Jumatano moja ya Desemba mwaka jana, siku tatu kabla ya kikoba cha mtaani kwetu kuvunjwa, baba aliwasha kompyuta ya nyumbani, akakaa mbele yake muda mrefu, kisha akaniita.

"Mama, ile hesabu yangu umeiweka wapi?"

Nilikuwa uani na mama, tunachambua maharage. Nikajibu kwa sauti ya mtu aliyefanya jambo jema: "Ipo baba, fungua foda ya Nyaraka, kila kitu nimekurudishia humo." Akasema ameshafungua na haioni. Nikanawa mikono, nikaingia ndani kuangalia mwenyewe. Kweli haikuwapo.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu. Alipomaliza utumishi alirudi nyumbani Chitete, wilayani Momba, na kwa miaka sita sasa ndiye mweka hazina wa kikoba cha watu 27. Wanakutana kila Jumamosi. Wananunua hisa, wanakopeshana, na wanachangia mfuko wa jamii kwa ajili ya wagonjwa na misiba. Desemba wanavunja na kugawana. Huku kwetu mgao huo si hela ya sikukuu tu. Mvua zimeshaanza, mahindi yako shambani, mbolea ya kukuzia inasubiriwa, na Januari shule zinafunguliwa.

Hesabu zote baba huzifanya kwenye kompyuta ya mezani aliyoinunua Tunduma ikiwa imetumika. Programu yake ni ya miaka ya 1990, yenye vitufe vya kijivu. Aliipata akiwa bado kazini, akaizoea. Pembeni iko printa kubwa ambayo ofisi fulani iliiuza ilipobadilisha vifaa. Sisi watoto tumeicheka sana mitambo hiyo. Yeye hajali. Anaandika namba ya mwanachama, anabonyeza, karatasi inatoka: hisa zako hizi, deni lako hili, riba yako hii. Mwanachama anasoma, anatia sahihi, anakwenda zake.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya na ninaishi Mbeya. Kazi yangu imenifundisha kuogopa kompyuta zilizoachwa bila kusasishwa. Mei 2017 virusi vya kompyuta vilivyoitwa WannaCry vilienea duniani, vikifunga mafaili ya watu na kudai fidia. Katika huduma ya afya ya taifa huko England, taasisi 81 kati ya 236 ziliathirika. Miadi ya wagonjwa ilifutwa, na magari ya wagonjwa yakaelekezwa hospitali nyingine. Marekebisho ya kuziba tundu hilo yalikuwa yametolewa tangu Machi mwaka huohuo. Kompyuta nyingi zilizoathirika hazikuwa zimewekewa.

Kwa hiyo, Microsoft iliposimamisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mawazo yangu yalikwenda moja kwa moja Chitete. Kompyuta yenye mfumo huo haizimiki siku hiyo. Inaendelea kufanya kazi, ila matundu mapya yakigundulika hayazibwi tena kama zamani. Baba anaingia intaneti, anafungua barua pepe, na wajukuu wanamtumia picha. Nikasema likizo hii namwekea Windows 11.

Nikiwa Mbeya nilipakua mfumo mpya, nikauweka kwenye flashi ili nisimalize bando nyumbani. Jumapili baba alikwenda msibani, akashinda huko. Nikaona nimfanyie jambo zuri akirudi alikute. Nilinakili foda ya Nyaraka na ya Picha. Kisha nikafuta diski yote na kuanza upya, kwa kuwa mfumo wake wa zamani haukukubali kupandishwa moja kwa moja kwenda huo mpya.

Kama ningesimama hapo nikajiuliza kwa nini haukubali, habari hii nisingeiandika.

Baba aliporudi jioni alifurahi. Niliweka picha ya wajukuu kwenye skrini. "Mungu akubariki, mwanangu," akaniambia. Wala hakugusa hesabu, kwa sababu kazi ile huifanya katikati ya wiki.

Jumatano ndipo tukagundua. Programu ya kikoba haikuwahi kukaa kwenye Nyaraka. Ilikuwa na foda yake peke yake ndani ya diski C, pamoja na kumbukumbu zote za wanachama. Sikuiangalia kwa sababu sikujua ipo. Nilikuwa nimeifuta kwa mikono yangu. Na printa nayo, tulipoijaribu, taa yake iliwaka, lakini kompyuta haikuitambua.

Baba hakunigombeza. Alizima kompyuta, akavua miwani, akasema, "Jumamosi watu wanakuja." Basi. Heri angenigombeza.

Kijijini habari hailali. Jioni hiyohiyo mama alipokuwa kwenye mashine ya kusaga aliulizwa na jirani, "Eti hesabu zetu zimeliwa na kompyuta?" Aliyewahi kuwa kwenye kikoba anajua uzito wa swali hilo. Hesabu zikipotea siku tatu kabla ya mgao, watu hawaifikirii mashine. Wanamfikiria mweka hazina.

Alhamisi alfajiri nilifunga CPU kwa kitenge na mfuko wa nailoni, maana mvua ilikuwa inanyesha, nikapanda gari la Tunduma. Nilimtafuta fundi aliyemhudumia baba mwaka 2023. Ni kijana wa umri wangu, ana kibanda chenye meza moja. Nilimweleza nilichofanya. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Dada, kwani mzee hakukwambia kwa nini nilimwekea biti 32?"

Sikujua swali linahusu nini. Akanieleza taratibu. Windows 10 ilitoka kwa aina mbili, ya biti 32 na ya biti 64. Kompyuta ya baba ingeweza kubeba ya biti 64, lakini yeye aliweka ya biti 32 kwa makusudi. Programu ya kikoba ni ya biti 16, na Windows za biti 64 haziendeshi kabisa programu za aina hiyo. Printa nayo draiva yake ilitengenezwa kwa biti 32 tu, na mtengenezaji hakutoa nyingine. Windows 11 ni ya biti 64 peke yake. Ndiyo maana mfumo wa zamani haukukubali kupandishwa.

Draiva ni programu ndogo inayokaa kati ya kompyuta na kifaa. Mimi naielewa kama mkalimani. Kwenye zahanati za huku nimewahi kumwona bibi anayezungumza Kinyamwanga tu, amekaa mbele ya mganga aliyetoka mkoa mwingine, na mjukuu katikati anatafsiri. Mjukuu akitoka nje, bibi bado ana maumivu na mganga bado ana ujuzi, lakini matibabu yamesimama. Printa ya baba haikuwa mbovu. Nilikuwa nimemtoa mkalimani.

"Wewe ulijuaje yote haya?" nikamuuliza fundi.

"Nilimuuliza mzee anaitumia kwa kazi gani. Akanitajia tatu: hesabu za kikoba, barua, na picha za wajukuu. Nikapanga kufuata hizo."

Lilikuwa swali moja tu. Mimi mwenye shahada, niliyekulia nyumba ile, sikuliuliza.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba swali hilo nimeliandika gazetini mara nyingi. Nimewahi kuandika kuhusu watu wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi kisha wakaugua kifua kikuu. Rifampisini, moja ya dawa kuu za kifua kikuu, hupunguza nguvu ya dolutegravir mwilini. Kwa hiyo mgonjwa aliyekuwa anameza dolutegravir mara moja kwa siku hupewa mara mbili kwa kipindi cha matibabu hayo. Dawa zote mbili ni nzuri. Tatizo huja pale anayeandika dawa mpya asipouliza, "Unatumia dawa gani nyingine?" Rifampisini hupunguza pia nguvu ya baadhi ya dawa za uzazi wa mpango, na wapo wanawake ambao hawaulizwi. Nimeandika hayo kwa kujiamini. Kisha nikaenda kwa baba nikafanya kosa lilelile.

Fundi alijaribu kurudisha mafaili yaliyofutwa. Akapata vipande visivyosomeka, kwa sababu mfumo mpya ulishaandikwa juu yake. Lakini alikuwa na jambo moja la heri: mwaka 2023, kabla hajagusa kompyuta ya baba, aliinakili foda nzima na kuihifadhi kwake. Tukapata programu, na hesabu za mpaka mwaka huo. Akafunga diski ya pili iliyotumika, akaweka humo mfumo wa zamani wa biti 32, programu ya kikoba na printa. Akazima intaneti upande huo. Sasa ukiwasha kompyuta unachagua: Windows 11 kwa ajili ya barua pepe na picha, mfumo wa zamani kwa ajili ya hesabu. Nililipa shilingi 70,000, nikarudi na gari la mwisho.

Zilibaki hesabu za mwaka mzima. Nilipomweleza baba, alikwenda kabatini akatoa kaunta buku. Kila Jumamosi, kabla ya kuingiza chochote kwenye kompyuta, huandika kwanza humo kwa mkono. Sisi tulikuwa tukimwambia anajipa kazi mara mbili.

Usiku wa Alhamisi na wa Ijumaa alisoma, mimi nikachapa. Watu 27, wiki baada ya wiki. Umeme ulikatika mara moja, tukaendelea kuhakiki jumla kwa kikokotoo na tochi ya simu. Nilikuwa nakwenda haraka, yeye akinizuia. Kuna mama alikosa wiki nne mfululizo, nikaanza kumwekea faini. "Huyo usimwandikie faini. Alikuwa anamuuguza mtoto hospitali, kikao kilimsamehe." Mwingine alikuwa amelipiwa nauli ya kwenda hospitali ya rufaa kutoka mfuko wa jamii. Nimeripoti afya kwa miaka kadhaa, lakini sikuwahi kujua kwamba kwenye kaunta buku ya baba kuna habari ya nani aliugua mwaka huu na nani alimbeba.

Jumamosi, kabla ya kufungua sanduku, baba alisimama akawaambia ukweli: kompyuta ilibadilishwa, hesabu zikafutika, zimeandikwa upya kutoka kwenye daftari, kila mtu alinganishe na kitabu chake cha hisa. Nami nikasimama, nikawaamkia wazee, nikasema aliyefuta ni mimi na ninaomba radhi. Watu walilinganisha mmoja mmoja. Kasoro ilionekana moja, nilikuwa nimeruka wiki moja ya mama mmoja. Tukarekebisha mbele yake, akatia sahihi. Mgao ulimalizika jua likiwa bado liko juu.

Simwambii mzazi yeyote aache kuboresha kompyuta ya nyumbani. Hatari ya mfumo usiolindwa ni ya kweli, na kwa anayebaki na Windows 10 nyumbani, Microsoft iliweka mpango wa kujiandikisha ili kuongezewa ulinzi hadi 13 Oktoba 2026. Ninachosema ni utaratibu. Kabla ya kubadilisha, kaa na kila anayeitumia kompyuta hiyo, baba, mama, mtoto wa shule, muulize anafanyia nini, naye akuonyeshe kwa kuifungua. Orodhesha printa, skana na programu za zamani, kisha angalia kwenye tovuti za watengenezaji kama zinakubaliana na mfumo mpya. Nakili diski nzima, usichague foda kwa kubahatisha, na nakala hiyo ifungue kwenye kompyuta nyingine uhakikishe inasomeka. Usifanye kazi hiyo wiki ya mgao, ya mitihani au ya kuwasilisha ripoti. Na kama mfumo mpya umeingia juu ya wa zamani bila kufuta kitu, fahamu kwamba Windows 11 kwa kawaida hukupa siku 10 za kurudi ulikotoka, kwa hiyo jaribu kila kifaa mapema, usisubiri katikati ya wiki kama sisi.

Mwaka huu baba anajifunza kuweka hesabu kwenye jedwali la kawaida ambalo litafunguka kwenye kompyuta yoyote. Kwa sasa anaandika kote kuwili, na kaunta buku bado ipo. Hana haraka, nami nimeacha kumharakisha.

Wiki iliyopita alinipigia. Simu yake imeleta ujumbe wa kutaka kusasishwa, akaniuliza akubali au aache.

"Kwanza niambie, baba," nikamjibu, "hiyo simu unaitumia kwa kazi gani?"

Akacheka sana, kisha akaanza kunitajia.