Pedi ya zamani au ya kisasa? Kiulize kwanza kidole gumba cha mtoto

Tunduma ni mji wa malori. Yanapanga foleni kuelekea Nakonde, upande wa Zambia, na mengine yanaendelea hadi Kongo. Katika mji huo, kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, mashine ya gemu ya PlayStation 2 bado haijastaafu. Iko kwenye mabanda ya gemu mitaani, na iko sebuleni kwa watu, imeunganishwa na runinga ya chogo.

Mashine hiyo ilianza kuuzwa Japani Machi 2000. Ziliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani kabla Sony haijaacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013. Kwa hiyo pedi orijino ya PS2 unayouziwa leo ina zaidi ya miaka 10, na nyingi zimepita 20. Ni wakubwa kuliko watoto wanaozishika.

Hapo ndipo mzazi anapokwama akifika dukani. Anunue orijino iliyotumika, au achukue mpya ya kisasa isiyo na waya? Vijana hubishana juu ya jambo hilo kama wanavyobishana juu ya Simba na Yanga. Kwa familia moja ya Tunduma, ubishi huo ulifika hadi kituo cha afya.

Mtoto hupewa pedi mbovu

Baba wa familia hiyo ni dereva wa lori. Kwa mwezi hulala nyumbani siku nne, tano zikizidi. Alipokuwa kijana jijini Mbeya alikuwa bingwa wa mpira wa gemu kwenye banda la mtaani kwao, na alipopata uwezo alinunua PS2 iliyotumika ili acheze na mwanawe wa kiume, ambaye sasa ana miaka 11.

Mashine ilikuwa na pedi mbili. Moja orijino, nyeusi, waya wake umezungushiwa gundi ya karatasi, baba ameitunza miaka mingi. Nyingine ni kopi ya sokoni. Baba alicheza na orijino. Mtoto alipewa kopi, ambayo kitufe chake cha kupigia pasi kilikuwa kimekuwa kigumu kiasi kwamba bila kukikandamiza kwa nguvu hakiitikii.

Hakuna aliyeona ubaya. Kwenye mabanda ndivyo ilivyo: mkubwa anachagua pedi, mdogo anachukua inayobaki.

Baba aliposafiri, mtoto alifanya mazoezi. Alitaka baba akirudi amkute amekuwa tishio. Mama anauza vitenge sokoni na hurudi jioni, hivyo mchana wa likizo mtoto alibaki na mashine saa tano, saa sita mfululizo.

Mama aligundua kupitia daftari. Shule zilipofunguliwa, mwandiko wa mtoto ulikuwa umeharibika. Herufi zilikuwa kubwa, zimelala, na kurasa za mwisho zilikuwa hazijamalizika. Akamgombeza akidhani ni uvivu. Siku chache baadaye akamwona anainua kikombe cha chai kwa mikono miwili.

“Mkono umefanya nini?” aliuliza.

“Nilianguka, mama.”

Hakuwa ameanguka. Alikuja kusema ukweli siku ya tatu, usiku, akilia. Aliogopa mashine ingeuzwa. Na mashine ikiuzwa, baba akirudi safari watafanya nini pamoja? Zile jioni nne au tano kwa mwezi ndizo alizokuwa akizilinda, na aliona heri avumilie maumivu.

Si ugonjwa mpya

Kituo cha afya, tabibu alimwambia mtoto akunje kidole gumba ndani ya kiganja, afunge ngumi juu yake, kisha ainamishe mkono taratibu kuelekea upande wa kidole kidogo. Mtoto aliruka kwa maumivu. Yalikuwa yanatokea chini ya gumba, pembeni mwa kifundo cha mkono.

Kwa lugha nyepesi, kano zinazonyanyua kidole gumba hupita ndani ya ala, kama waya wa breki ya baiskeli unavyopita ndani ya mpira wake. Zikitumika kupita kiasi bila mapumziko, ala huvimba na kano hazitelezi tena. Tatizo hilo lilielezwa mwaka 1895 na daktari wa upasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, kabla gemu hazijazaliwa. Huwapata pia kina mama wanaobeba vichanga kwa muda mrefu na watu wanaokamua nguo kwa mkono.

Gemu nazo zina historia yake katika vitabu vya tiba. Mwaka 1990, jarida la tiba la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha taarifa ya mwanamke wa miaka 35 aliyepata maumivu makali ya gumba baada ya kucheza Nintendo saa tano bila kupumzika. Mwaka 2000, kampuni ya Nintendo ilikubali kutoa glavu za kujikinga nchini Marekani, baada ya watoto kuchubuka viganja kwa kuzungusha kijiti cha pedi katika gemu la Mario Party.

Mwaka 2002, jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilieleza habari za kijana wa miaka 15 ambaye mikono yake ilikuwa ikiuma, kuvimba na kubadilika rangi kwenye baridi. Alikuwa akicheza PlayStation hadi saa saba kwa siku, na alipenda pedi iwe inatetema. Madaktari walilinganisha hali yake na ile ya mafundi wanaotumia mashine za kutetema kazini. Mzazi wa Tunduma, anayeijua baridi ya Juni na Julai, ana sababu ya kukumbuka kisa hicho. Mtetemo huo unaweza kuzimwa kwenye mipangilio ya gemu nyingi.

Mtoto wa Tunduma alipewa mapumziko ya wiki kadhaa, akafungwa kifaa cha kutuliza gumba, na mama akaelekezwa kumkanda kwa kitambaa chenye barafu. Mashine haikuuzwa. Ilifungiwa kabatini.

Ndani ya pedi kuna nini?

Baba aliporudi, alisikitika. Lakini kwenye pedi hakubadilika: dawa ni kumtafutia mtoto orijino ya pili. Gemu la zamani lichezwe na pedi yake.

“Baba watoto, hiyo ya zamani ndiyo inayoumiza watu,” mama alisema. Yeye alishaona pedi nyepesi zisizo na waya kwenye duka la jirani. Ingawa siku ya kwanza aliposikia mwanawe anataka “pedi” alicheka, maana sokoni kwao pedi ni za hedhi.

Kila mmoja alikuwa na hoja, lakini kila mmoja alishika nusu tu.

Pedi orijino ya PS2 ilitengenezwa kwa ustadi. Vitufe vyake vingi hupima nguvu ya kidole, kwa hiyo katika baadhi ya gemu, hasa za magari, ukibonyeza kidogo gari linakwenda taratibu, ukikaza linakimbia. Kopi nyingi hazina uwezo huo. Zinajua mambo mawili tu: umebonyeza au hujabonyeza. Mtoto akiona gari halimsikii, hukaza kidole zaidi, bila faida.

Lakini orijino nayo huzeeka. Chini ya kila kitufe kuna kipande cha mpira laini. Miaka ikipita mpira huchoka, hukakamaa au hupasuka. Vijiti viwili vya kuelekezea hutumia sehemu ndogo zinazosuguana, na zikilika mchezaji huanza kukimbia mwenyewe upande mmoja wa uwanja. Orijino iliyochoka inaweza kumtesa mtoto sawa na kopi mbovu.

Pedi za kisasa zimetatua baadhi ya matatizo hayo. Baadhi zina vijiti vinavyotumia sumaku badala ya kusuguana, hivyo haviliki upesi. Pia vipo vipokezi vidogo vinavyochomekwa kwenye PS2 ili ikubali pedi isiyo na waya, na mtoto mdogo hatajikwaa kwenye waya na kuangusha mashine.

Hata hivyo, zina betri. Umeme ukikatika zikiwa tupu, mchezo umeisha. Betri ikivimba, pedi itolewe ndani na isichajiwe tena. Zile zinazotumia betri ndogo za kubadilisha lazima ziwe na mfuniko unaofunga vizuri, hasa nyumba yenye mtoto anayetia kila kitu mdomoni.

Wapo wanaosema pedi isiyo na waya inachelewa. Kwa runinga ya chogo, ambayo picha ya mfumo wetu hubadilika mara 50 kwa sekunde, mchezaji mzoefu anaweza kuhisi tofauti akipewa pedi duni. Lakini kwenye runinga bapa, mara nyingi anayechelewesha ni runinga yenyewe, kwa sababu huichakata picha kabla ya kuionyesha. Kabla ya kulaumu pedi, tafuta kwenye mipangilio yake sehemu ya gemu uiwashe.

Alichoamua fundi

Mkono ulipopona, wote watatu walikwenda kwa fundi wa vifaa vya umeme. Baba alitaka kujaribu pedi mwenyewe. Fundi akamzuia.

“Mzee, atakayecheza ni nani? Mpe mtoto.”

Aliweka mezani pedi tatu: orijino iliyotumika, ya kisasa isiyo na waya, na ile kopi yao ya nyumbani. Akamwambia mtoto abonyeze kila kitufe kwa ncha ya kidole, polepole, aseme kipi kinamlazimisha kukaza. Kisha azungushe vijiti na kuviachia, waone kama vinarudi katikati. Kisha aishike dakika chache huku mabega yameshuka, waone kama gumba linafika kila mahali bila kujinyoosha.

Ile ya kisasa ilikuwa laini kuliko zote, lakini umbo lake lilikuwa nene kwa viganja vya mtoto. Orijino ya fundi ilimkaa vizuri mkononi, ila kijiti kimoja kilikuwa kimelika. Kopi haikuhitaji hata kujadiliwa.

Ndipo baba alipotoa orijino yake mwenyewe kwenye mfuko. Fundi akaifungua, akasafisha ndani, akabadilisha mipira ya vitufe vyote, akaifunga. Mtoto aliijaribu na kutabasamu. Ni ya zamani kwa umbo, mpya pale kidole kinapogusa.

Baba akaiacha mkononi mwa mwanawe, akajinunulia ile isiyo na waya. Tangu siku hiyo anafungwa, na husingizia pedi.

Mzazi azingatie nini

Hakuna pedi inayofuta saa sita za kucheza mfululizo. Pedi laini hupunguza nguvu ya kidole, lakini kano huumizwa pia na wingi wa kubonyeza. Katika nyumba hiyo sasa sheria ni nusu saa, kisha mtoto anasimama, ananyoosha vidole, anatazama nje mbali na runinga. Kwa siku ya shule haizidi mizunguko miwili. Kwa watoto wa miaka miwili hadi minne, Shirika la Afya Duniani linashauri kukaa mbele ya skrini kusizidi saa moja kwa siku, na chini ya miaka miwili wasikae kabisa.

Maumivu yakibaki baada ya siku chache za kupumzika, au kukiwa na uvimbe, ganzi au kidole kinachokwama, mpeleke mtoto kwa mtaalamu. Usimkande kwa nguvu wala kumvuta kidole.

Kwa mtoto anayecheza kwenye banda, pedi hupita mikono mingi kwa siku. Mapema mwaka 2024, ugonjwa wa macho mekundu uliposambaa nchini, kunawa mikono na kutoshika macho ndiyo ilikuwa kinga kubwa. Mtoto anawe kabla na baada ya kucheza. Ya nyumbani ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ikiwa imechomolewa. Usitumie petroli wala thina.

Na mtoto akisema mkono unauma, asianze kusikia kwamba gemu litauzwa. Atanyamaza, na kano itaendelea kuvimba. Aambiwe kwanza kwamba hakuna atakachonyang'anywa kwa kusema ukweli, kisha aonyeshe pale panapouma.