Kitanda Ndani ya Gari

Ndugu msomaji, nina Land Rover kuukuu, nyuma ikiwa na mabenchi mawili. Nilipotaka kutembea nayo kusini, nilale humo humo njiani, niliyang'oa. Nikatia kitanda cha mbao, na kando yake masanduku na madumu. Springi nikaziongeza bamba moja kila upande, maana lita 100 za maji ni kilo 100. Kwenye keria sikuweka kizito. Gari lenye mzigo juu hupinduka upesi.

Nikatoka Nachingwea, mji uliokuzwa na ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ukaachwa 1951 (mitambo tele, karanga haba!), nikashika njia ya Ruangwa. Mzee akanisimamisha. Mkewe hoi kwa homa, na binti zao watatu, mmoja ana mtoto mgongoni.

"Mwanangu, tufikishe hospitali."

Kitanda kilimfaa bibi. Na hao wengine? Wallahi, msomaji, ulimi wangu ulikwisha kuwa tayari kusema, "Sina nafasi." Haya ikanishika. Nikateremsha masanduku na madumu chini ya mkorosho, tukapakiana.

Jioni nilirudi, nikavikuta vyote. Siku hizi mabenchi yamerudi, na kitanda nimekitia bawaba, hukunjwa.